Meze za Kigiriki: tzatziki isiyotoa maji, na saganaki ya moto

Hamjambo, karibuni tena jikoni. Leo tunapika Kigiriki, na tunaanza pale Wagiriki wenyewe wanapoanzia: meze. Si meza, ni meze, ingawa zitakaa mezani na tutazimeza. Ni visahani vidogo vidogo vya kuwekwa katikati, kila mtu achovye na adokoe huku soga zikiendelea. Kule Ugiriki, ouzo, pombe ya anisi inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji, kwa desturi hainywewi tumbo tupu. Huja na meze zake. Mimi hapa nina juisi yangu ya ndimu, inatosha.

Sahani ya kwanza ni tzatziki, mtindi mzito wenye tango na kitunguu saumu, wa kuchovya. Tamka "dzadziki". Adui yake ni mmoja tu: maji.

Kwa hiyo kazi inaanza jana yake. Chukua lita moja ya mtindi mzito usio na sukari, umimine kwenye kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, weka bakuli chini, kisha friji usiku kucha. Huu wangu ndio huo. Tazama nikigeuza kijiko: haudondoki.

Sasa tango. Menya, pasua katikati, kwangua mbegu kwa kijiko, halafu likune kwenye matundu makubwa. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, liache dakika kumi na tano. Kisha likamue kwa mkono, kama unavyokamua tui. Sogeza kamera hapa... mnaona maji ya kijani yanavyochuruzika? Karibu nusu kikombe, kutoka tango moja! Ukiona yamekwisha, kamua tena. Mara ya kwanza nilipopika hii sikukamua. Wageni walipofika nilikuwa na supu.

Punje mbili za kitunguu saumu, ziponde na chumvi kidogo mpaka ziwe uji. Changanya na mtindi, tango, kijiko kimoja cha siki na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni. Nanaa iliyokatwakatwa ukipenda. Koroga kwa kijiko, tafadhali, blenda iache kabatini, maana inaulegeza mtindi wote. Irudishe kwenye friji saa moja, ladha ya saumu itulie.

Pembeni weka zeituni, na kipande cha feta kizima, bila kukivuruga, juu yake oregano kavu na mafuta. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 2002, jina feta ni la jibini ya Ugiriki tu, ya maziwa ya kondoo, ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Ukipata ya ng'ombe dukani kwenu, kula tu, usijinyime, ila itakuwa laini na pole zaidi. Dolmades, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, zinataka video yake. Walio Dodoma anzeni kuyatafuta majani machanga yasiyopuliziwa dawa.

Tumalizie na saganaki, jibini ya kukaanga, jina linalotokana na kikaango chenyewe kidogo. Wao hutumia jibini ngumu kama kefalotyri au graviera. Mimi nimekosa, nina halloumi ya Saiprasi, si ileile lakini haiyeyuki. Kata kipande unene wa sentimita moja. Kichovye kwenye maji, kisha kwenye unga wa ngano, kung'uta unga uliozidi. Mafuta lazima yawe moto kweli. Tupia chembe ya unga, ikichemka papo hapo, weka jibini. Dakika moja na nusu, geuza. Sikiliza hiyo sauti. Rangi ikiwa ya dhahabu, ipua, kamulia ndimu hapohapo.

Na iliwe sasa hivi, kwa mkate, maana ikipoa inakuwa kama mpira. Nazima kamera.