Chai Nimekupikia: Tukisubiri Wiki ya Fasihi Kampala

HALIMA: Asalaam aleikum, hamjambo wasikilizaji, hata wewe uliyekwama ndani ya takisi pale Wandegeya. Mimi ni Halima, mtoto wa Bombo.

WASSWA: Na mimi ni Wasswa. Dada, zimebaki siku tisa.

HALIMA: Kumbe unazihesabu!

WASSWA: Tangu ratiba ilipotoka. Wiki nzima ya fasihi katika mji wetu! Warsha asubuhi, meza za vitabu mchana, usomaji jioni. Nimeomba ruhusa kazini siku mbili, zilizobaki nitakimbia huko nikishatoka.

HALIMA: Mimi nangojea kikao cha Chuo Kikuu cha Makerere. Kila nikipanda kile kilima nakumbuka mkutano wa Juni 1962. Waandishi walikuja kutoka pembe nyingi za Afrika: Achebe, Soyinka, Okigbo, Mphahlele. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi palepale, akampa Achebe mswada wake ausome. Hebu fikiria, kijana wa chuo ameshika karatasi zake, anamtafuta mtu wa kumsomea.

WASSWA: Ndiyo maana nazipenda siku kama hizi. Mswada unapata msomaji.

HALIMA: Lakini kuna linaloniuma. Mkutano ule uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Jina lenyewe lilishafunga mlango. Shaaban Robert alikuwa na vitabu vya mashairi na vya nathari, hapo jirani tu, Tanganyika, na hakuwa na nafasi katika mkutano huo. Akafariki mwezi huohuo wa Juni.

WASSWA: Mwezi huohuo?

HALIMA: Huohuo. Kwa hiyo mwaka huu, nikiona kwenye ratiba kuna usiku wa mashairi kwa lugha yoyote, Kiacholi, Kiganda, Runyankole, Kiswahili, nasema alhamdulillahi. Nilizoea kwenda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, kule Kamwokya Jumatatu jioni, watu wanasomeana kazi zao na kukosoana bila kuoneana haya. Pale ndipo nilipojua kwamba msikilizaji hujitokeza ukimwamini. Kaka, si ulisema umejiandikisha kwa usiku huo wa mashairi?

WASSWA: Nimejiandikisha. Kwa Kiswahili.

HALIMA: Mganda wa Masaka!

WASSWA: Na nyumbani kwetu halikuwa jambo jepesi. Wewe Bombo mlizaliwa ndani ya Kiswahili na Kinubi. Sisi, Kiswahili kilikuja na bunduki. Tangu zamani za KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, kilikuwa lugha ya jeshi, na miaka ya sabini mama yangu alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. "Simama! Toa kitambulisho!" Alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Mpaka leo mtu akiongea Kiswahili kwa sauti kubwa, anaacha anachofanya.

HALIMA: Pole, ndugu yangu. Wazee wengi wako hivyo. Watu hushangaa kwa nini Katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na bado mtaani kinasuasua. Uchache wa walimu ni kweli, lakini kuna na hilo la moyoni.

WASSWA: Mimi nilikipata Busia, nikiuza nguo. Kwangu ni lugha ya kupatana bei na ya kuulizana habari za watoto. Nikataka mama akisikie hivyo. Nimeandika ubeti, nimejitia ndani ya sauti yake.

HALIMA: Tusomee.

WASSWA:
Ulinijia njiani, lugha nilikukimbia,
Nikajificha nyumbani, sauti ikatishia,
Leo waja mlangoni, wanangu wakuimbia,
Karibu kaa kitini, chai nimekupikia.

HALIMA: Subhanallah. Ngoja nihesabu. Ka-ri-bu-ka-a-ki-ti-ni, nane. Cha-i-ni-me-ku-pi-ki-a, nane. Vina vya kati -ni, vya mwisho -a... hapana, ni -ia mpaka chini, umevibana vizuri. Nani alikufundisha?

WASSWA: Nilikariri mashairi ya redioni mpaka vidole vikazoea kuhesabu vyenyewe.

HALIMA: Basi usilisome, liimbe. Shairi la mizani lina mahadhi yake, na hata asiyejua Kiswahili ataushika mstari wa mwisho ukiurudia mara mbili. Ukumbi utaitikia nawe.

WASSWA: Sauti yangu itatetemeka.

HALIMA: Itetemeke. Hilo ni shairi la mtu aliyeogopa.

WASSWA: Sawa. Nitaliimba.

HALIMA: Wasikilizaji, njooni. Nunueni hata kitabu kimoja, mwandishi akuwekee sahihi, muongee. Na wa Makerere, kikao kikiisha tunateremka Wandegeya kula kikomando, chapati na maharage, ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Wasswa, mama atakuja?

WASSWA: Nilimwambia juzi. Alinyamaza sana. Kisha akasema atakuja, ila atakaa karibu na mlango.

HALIMA: Mwambie nimemwekea kiti hukohuko mlangoni, na mimi nitakaa kando yake.