Kiti cha Mwandishi Barazani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba tuanzie Bell, mji mdogo wa California, Marekani.

Mwaka 2005 wakazi wa Bell waliitwa kupigia kura hati ya mji wao, yaani sheria ya msingi ya kuuendesha mji. Mji ulikuwa na watu zaidi ya 35,000. Kura zilizopigwa hazikufika 400. Hati ikapita, na ule ukomo wa malipo ya madiwani uliowekwa na sheria ya jimbo ukawa hauwabani tena. Julai 2010, waandishi wawili wa gazeti la Los Angeles Times, waliokuwa wakifuatilia matatizo ya mji jirani wa Maywood, wakafichua kwamba meneja wa mji wa Bell, Robert Rizzo, analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani alikuwa akilipwa 400,000.

Rizzo alifungwa. Lakini kinachoniuma ni ile miaka mitano katikati. Baraza lilikuwa likikutana, na hapakuwa na gazeti lililomweka mwandishi wake pale wiki baada ya wiki, asikilize habari za mitaro na leseni hadi usiku, kwa sababu siku moja katikati ya mitaro ndipo hupitishwa mshahara wa mtu.

Zamani mwandishi wa aina hiyo alikuwa akilipwa na nani? Alilipwa na tangazo la baiskeli chakavu, la chumba cha kupanga, la nafasi ya kazi. Matangazo madogomadogo yalipohamia kwenye intaneti, tena bure, yaliondoka na mshahara wake.

Mtaniambia siku hizi kila mtu ana simu. Simu hunasa ugomvi. Ukurasa wa 60 wa bajeti unahitaji mtu anayekumbuka bajeti ya mwaka jana ilisemaje.

Cincinnati Post, gazeti la mji wa Cincinnati, Marekani, lilifungwa siku ya mwisho ya 2007. Lilikuwa limebaki na nakala 27,000 tu. Watafiti walipochunguza vitongoji vya jimbo jirani la Kentucky ambavyo gazeti hilo ndilo lililokuwa likiviandika zaidi, walikuta wagombea wamepungua, walioko madarakani wanarudi kwa urahisi zaidi, na wapiga kura wachache zaidi wanajitokeza. Na gazeti kubwa la Cincinnati lilikuwa bado linatoka kila asubuhi.