Mfagizi wa Tangi la Samaki Wakorofi

Asante mwenyekiti. Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie viumbe wa kusafisha tangi, na kabla sijasimama hapa watu kadhaa wameshanishika mkono wakiuliza jambo lile lile: "Nina mbuna, wanapigana kutwa, nimweke nani ale mabaki?" Nitabaki hapo hapo. Wakorofi tunaowafuga wengi wetu ni hao mbuna, na ni samaki wa kwetu, wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa.

Kwanza tuelewane: hakuna mnyama anayesafisha tangi. Konokono anakula mabaki, kisha naye anakunya. Wanaoshughulikia amonia, ile inayotoka kwenye kinyesi na mabaki yaliyooza, ni bakteria wa kwenye filta na mchangani; wanaigeuza kuwa nitrati, na anayetoa nitrati ni wewe na ndoo yako, robo ya maji kila wiki, au theluthi kama samaki wamebanana. Nakazia hili kwa sababu ya maji yenyewe. Mbuna wanataka maji magumu, yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 7.8 hadi 8.6 hivi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali ya sumu. Chakula kilichooza ambacho samaki wa maji laini wangekivumilia, kwa mbuna kinaweza kuua. Kwa hiyo mfagizi tunamtaka kwa kazi moja: akifikie chakula kabla hakijaoza.

Kuhusu mwani, msipoteze pesa. Mbuna mwenyewe ni mla mwani, kule ziwani anashinda akikwangua mawe. Kioo kikikujaa ukijani, punguza saa za taa na mkono wa chakula.

Ndiyo maana pleko wa kawaida, yule samaki wa kunyonya mwani kiooni, simshauri. Dukani ana urefu wa kidole, akikua anapita sentimita 40, na kinyesi chake utakizoa wewe. Ukitaka wa ukoo huo, mchukue Ancistrus, yule mwenye ndevu puani. Anaishia sentimita 12 hadi 15, na maji magumu anayavumilia kiasi, mradi apewe pango lake. Mla mwani wa Kichina ni mpole akiwa mdogo tu, akikomaa anakuwa mgomvi na kunyonya ute ubavuni mwa wenzake. Uduvi? Hao ni kitoweo. Na Corydoras, yule kambare mdogo wa chini ya tangi, msimlete kabisa: miiba ya mapezi yake hujifunga ikasimama wima, samaki mkubwa akimbugia anamkwama kooni, na unawapoteza wote wawili.

Mimi chaguo langu ni gogogo, kambare wa jenasi ya Synodontis. Mtazameni vizuri mkimpata: hana magamba, kichwa kimefunikwa mfupa mgumu, na ana miiba mitatu yenye meno, mmoja mgongoni na mmoja kila pezi la kifua. Mbuna akimjaribu mara mbili tatu anamwacha. Kutoka Ziwa Tanganyika yupo gogogo aitwaye petricola, wa sentimita 10 na ushei, anatosha matangi mengi. Yupo na multipunctatus, mwenye madoa meusi, mzuri kupindukia, lakini ana hila. Mbuna wanapotaga, naye anaingia katikati na kutaga. Mama mbuna anayaokota mayai yote kinywani, ya kwake na ya mgeni. Vifaranga vya gogogo vinaanguliwa mapema, vinakula mayai ya mwenyeji humo humo kinywani. Mimi humtazama kwa saa nzima nisichoke; ila anayezalisha mbuna kwa kuuza afikirie mara mbili.

Nunueni watano pamoja, wasiwe wadogo kuliko kidole. Panga upya mawe ili mbuna wapoteze mipaka yao, kisha uwaachie gogogo taa zikishazimwa. Na walisheni usiku, chakula kinachozama, kwa sababu mabaki peke yake hayawatoshi. Msiwanase kwa wavu, miiba inashika nyuzi na utaishia kuzikata kwa mkasi. Tumia bakuli.

Dada pale nyuma ameuliza konokono. Mzuri ni Melanoides, yule mwembamba wa gamba la msokoto mrefu. Mchana anajifukia mchangani, usiku anatoka, na gamba lake ni gumu. Anazaa watoto hai, kwa hiyo wakijaa ghafla, ujue unalisha kupita kiasi. Wale wakubwa wa manjano mbuna huwang'ata pembe mpaka wanajifungia na kufa. Na tafadhali msiwamwage mtoni: jamaa zao wa karibu walionekana mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, mwaka 2020, na wanakula miche.

Ila msiokote konokono ziwani wala mfereji. Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba kichocho, na vimelea vyake vinapenya ngozi ukiwa umetumbukiza mkono tu majini. Hata Melanoides wa porini ana vimelea vyake vingine. Omba kwa mwenzako, waliozaliwa tangini.

Mzee wangu umeuliza dawa ya ugonjwa wa madoa meupe ya samaki. Soma chupa: yenye shaba inaua konokono wote, na gogogo, kwa kukosa magamba, dawa nyingi zinamwelemea. Afadhali uwahamishie gogogo na konokono tangi la pembeni, kwa sababu vimelea vya madoa vimo kwenye tangi lote na ndilo la kutibiwa. Huko pembeni gogogo watibu kwa kupandisha joto taratibu, pampu ya hewa ikifanya kazi.

Haya, yule kijana aliyenyoosha mkono, karibu.