Wimbo Unaimba, Haushuki

Asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi, najua harufu ya pilau imeshawafikia.

Kuna kwaya niliitengenezea tovuti. Nyimbo zote pale, kila moja na kiungo chake. Wiki haijaisha, mwalimu wa kwaya akapiga: "Kijana, watu wakibofya, wimbo unaimba humo humo. Wao wanautaka kwenye simu, bando likiisha waendelee kusikiliza." Nikaziweka nyimbo kwenye zip, faili moja linalobana mengine ndani yake. Akapiga tena: akina mama hawajui kufungua zip.

Kumbe nilikuwa nahangaika bure na kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome; mwenye kauli ni seva, kompyuta inayotunza tovuti na kutuma faili zake. Kabla ya kutuma faili, seva hutanguliza mistari michache ya maelezo. Mmoja ni Content-Type, unaotaja mzigo ni wa aina gani. Ukisema audio/mpeg, kivinjari kinaona hiki nakiweza, kinaanza kucheza. Wa pili ndio huu, utazameni ukutani:

Content-Disposition: attachment; filename="wimbo.mp3"

Kazi yote iko kwenye neno attachment: usifungue, hifadhi. Na lile jina mwishoni ndilo faili litakaloshuka nalo. Mstari wenyewe haukuzaliwa kwenye wavuti. Ulitungwa mwaka 1995 kwa ajili ya barua pepe, kutenga picha ya kuonekana ndani ya barua na ile ya kuambatishwa tu.

Kwenye PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, mstari huo mnautuma kwa amri ya header(), nayo itangulie kabla hamjatoa chochote, hata nafasi moja tupu juu ya faili. Wangapi wamewahi kukesha kwa ajili ya nafasi moja? Naona mikono.

Asiye na ruhusa ya kugusa seva aongeze neno download ndani ya kiungo cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Ila faili likiwa kwenye kikoa kingine, yaani tovuti yenye jina tofauti na yenu, Chrome na Firefox hazilisikilizi.

Ombi moja, tafadhali: msiandike skripti inayopokea jina la faili kutoka kwenye anwani na kulitoa bila kukagua. Mjanja ataandika ../../ mara kadhaa, atapanda folda kwa folda hadi kwenye nywila ya hifadhidata yenu, na nyie ndio mtakaomfungia mzigo.

Mimi nilitumia Apache, programu ya seva: mstari mmoja wa kuamuru attachment kwenye .htaccess, faili la maagizo ya folda, nikalala. Asubuhi simu: "Kijana, ratiba ya mazoezi ilikuwa inafunguka vizuri, sasa inashuka kwenye simu za watu." Nilikuwa nimeamuru folda nzima. Nikauzungushia mstari ule FilesMatch, agizo la kuchagua faili kwa majina yake, uguse mp3 peke yake.