Tengeneza programu ya kutatua FreeCell kwa Python

Haya, karibuni tena. Leo hatuchezi karata, tunaandika programu icheze FreeCell, mchezo wa karata wa mtu mmoja, yenyewe mpaka imalize. Nimechagua FreeCell kwa sababu karata zote 52 zimelala wazi tangu mwanzo. Hakuna cha kubahatisha. Paul Alfille aliuandika mchezo huu mwaka 1978 kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO kule Illinois, kisha Windows 95 ikaufikisha kwenye kila ofisi yenye kompyuta na mfanyakazi mvivu.

Fungua Python. Karata tuzipe namba, 0 mpaka 51. Gawanya namba kwa 4: jibu ni ukubwa wa karata, ree ikiwa 0, na baki ni aina yake. 0 pau, 1 uru, 2 kopa, 3 shupaza. Baki ikiwa 1 au 2, karata ni nyekundu.

Meza ina safu 8: nne za kwanza karata 7 kila moja, nne za mwisho karata 6. Ongeza vijumba 4 vya kuegeshea, na mafungu 4 ya nyumbani yanayopanda kutoka ree hadi mfalme.

Sasa andika fanksheni inayopokea meza na kurudisha kila meza inayopatikana ukisogeza karata moja. Usihangaike kuhamisha karata tano kwa mpigo. Moja moja kupitia vijumba, zinafika kulekule.

Hapa ndipo nilipokesha mara ya kwanza. Programu ilitoa karata ikaiweka kijumbani, ikairudisha, ikaitoa tena, hadi alfajiri. Dawa ni seti ya meza ulizokwisha kuziona. Lakini seti peke yake haitoshi! Tazama skrini: nabadilisha nafasi ya safu ya kwanza na ya tatu. Mchezo umebadilika? Hata kidogo. Ila programu inaona meza mpya. Safu 8 hupangika kwa namna 40,320, na vijumba vikijaa, namna 24. Zidisha: 967,680. Meza moja, majina karibu milioni!

Kwa hiyo, kabla ya kuingiza kwenye seti, panga safu na vijumba kwa sorted. Angalia sana: unapanga nakala inayokwenda kwenye seti tu. Ukiipanga meza yenyewe, mwishoni programu itakwambia utoe karata safu ya pili wakati iko ya saba.

Meza ipi ichunguzwe kwanza? Tumia heapq, foleni ya Python inayotoa kilicho kidogo kwanza. Hesabu karata ambazo hazijafika nyumbani, jumlisha kila karata iliyokalia karata ndogo kuliko yenyewe ndani ya safu; jumla ndogo itangulie. Fanksheni isijiite yenyewe, maana Python kwa kawaida hukata ikikaribia miito 1,000.

Nyongeza moja: 7 nyekundu ikiwa zamu yake kwenda nyumbani, na 6 nyeusi zote mbili zimeshafika, ipeleke bila kufikiri. Mezani ni 6 nyeusi tu inayoweza kukaa juu yake, kwa hiyo hakuna tena wa kuihitaji.

Tujaribu. Katika ile migao 32,000 yenye namba ya FreeCell ya Windows, namba 11982 haitatuliki. Iingize. Programu ikichunguza mpaka foleni ikaisha mikono mitupu, safi. Ikishangilia ushindi, rudi kwenye fanksheni ya kusogeza ukague rangi: kuna mahali umeruhusu nyekundu kukaa juu ya nyekundu.