Mbona Sikurekodi Ndani ya Ile Nyumba

Habari zenu huko nyumbani. Leo sina mandhari ya kuwaonyesha, nimekaa chumbani tu. Mnayaona yale mabuti pale mlangoni? Nimeyaosha mara nne na bado yananuka.

Wengi mmeniandikia: kaka, ulituaga unakwenda kusaidia watu wa kimbunga, mbona video hatuzioni? Haya.

Kimbunga chenyewe ni Helene. Kilipiga pwani ya Florida, huku Marekani, usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, ila sisi tulikwenda milimani, North Carolina, upande wa Asheville, mamia ya kilomita kutoka baharini. Hata mimi nilijiuliza kimbunga kinapanda mlima kufuata nini. Kumbe kabla hakijafika mvua kubwa ilikuwa imeshanyesha, ardhi imeshiba, halafu nacho kikaja na maji yake. Mto French Broad ukavunja rekodi ya mwaka 1916, Swannanoa ukaingia majumbani. Jimbo hilo peke yake lilipoteza watu zaidi ya 100.

Tulikwenda Oktoba kwa basi la chuo. Sisi wa viza ya mwanafunzi tuliuliza kwanza: kujitolea kwenye shirika la hisani ruksa, mradi usilipwe hata senti. Maji ya kunywa tulibeba wenyewe, maana mabomba ya Asheville yalikaa bila maji salama mpaka 18 Novemba.

Sasa kazi. Mnadhani nyumba za huku ni tofali na zege? Nyingi ni mbao, na ukuta wa ndani ni jipsamu, ile ile mnayoweka darini. Ikilowa inanyonya maji kwenda juu kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kwa hiyo hata kama mafuriko yaliishia magotini, unakata ukuta mpaka kifuani, unang'oa na pamba iliyomo ndani, unaacha mbao zikauke, la sivyo kuvu inatambaa nyumba nzima. Piga mtaimbo, vuta, pakia toroli, kamwage kando ya barabara. Na huko huchanganyi: mbao na jipsamu huku, majokofu kule, makopo ya rangi peke yake. Jokofu halifunguliwi. Unalizungushia utepe wa gundi, unalisukuma lilivyo. Mwenzetu mmoja alifungua. Siku hiyo hakuna aliyekula mchana.

Nyumba ya pili ilikuwa ya bibi mmoja. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, na kila kinachotoka lazima tumuulize: kitupwe au kibaki? Godoro, tupa. Kabati, tupa. Nikatoka na kijisanduku cha bati, ndani kadi za mapishi zimegandana, wino umeyeyuka. Kwangu ilikuwa takataka, nikaielekeza kwenye toroli. Akasema, subiri. Akaanza kuzibandua kwa ukucha, moja moja, na kuzianika juu ya boneti ya gari.

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inarekodi. Ndiyo, nilikuwa narekodi, na nikawaza kabisa kwamba hii itatazamwa sana. Hapo ndipo nikaona aibu. Nikaizima, jioni kwenye basi nikaifuta. Mtasema ningemwomba ruhusa. Angekubali, najua. Lakini mtu aliyekutolea godoro lako lenye tope, utapata wapi uso wa kumkatalia? Ruhusa ya namna hiyo sikuitaka.

Kwa hiyo picha sina, nina hili tu. Kadi moja ilisomeka. Akaishika mbali na macho, hana miwani, akanipa nimsomee. Keki. Nikafika kwenye sukari: vikombe viwili. Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema, mama aliandika viwili, lakini siku zote alikuwa anaweka kimoja.