Mishna na Tosefta: Ipi Iliitangulia Nyingine?

Ndugu zangu watazamaji mlioko nyumbani, salamu kutoka Vienna. Katika Maktaba ya Taifa ya Austria, hapa hapa mjini, imehifadhiwa hati ya kale ya Tosefta, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi ambao wengi wetu, hata tuliolelewa na Biblia, hatujapata kuusikia. Leo nataka tuuchunguze uhusiano wake na Mishna, mkusanyo mwingine mashuhuri wa sheria za marabi, kwa sababu maelezo yaliyozoeleka ni mepesi kupita kiasi.

Husemwa kwamba Rabi Yuda, kiongozi wa Wayahudi wa Galilaya, aliikusanya Mishna yapata mwaka 200, Tosefta ikafuata kama nyongeza yake, kisha Talmudi mbili, ya Palestina na ya Babeli, zikaifafanua Mishna. Kwa sehemu kubwa ni kweli: Tosefta imepangwa kwa sehemu sita zilezile, ni ndefu kuliko Mishna mara kadhaa, na ina sentensi usizoweza kuzielewa bila Mishna mbele yako.

Hata hivyo, soma mwanzo wa vitabu vyote viwili. Mishna inauliza ni tangu wakati gani wa jioni husomwa ile "Sikia, Ee Israeli" ya Kumbukumbu la Torati, nayo inajibu kwamba ni tangu makuhani wanapoingia kula sadaka zao za kuinuliwa. Jibu hilo halihusishwi na mtu yeyote, na linamtaka msomaji awe anaijua tayari sheria ya Walawi 22, kwamba kuhani aliyetiwa unajisi huoga, kisha hungoja jua lichwe ndipo ale vitu vitakatifu. Tosefta inauliza swali lilelile, lakini inamtanguliza Rabi Meir, asemaye kwamba ni tangu watu wanapoingia kula mkate wao usiku wa kuamkia Sabato. Jibu la makuhani linafuata kama kauli ya wenye hekima wanaompinga, pamoja na dalili yake, ambayo ni kutokeza kwa nyota.

Kwa hiyo, hukumu isiyo na mpinzani katika Mishna ni upande mmoja tu wa mabishano katika Tosefta. Mtafiti Jacob Neusner aliiona Tosefta hasa kama ufafanuzi wa Mishna, ilhali watafiti wenzake Judith Hauptman na Shamma Friedman wametetea kwamba mara nyingine Tosefta imehifadhi mafundisho ya awali ambayo Mishna iliyafupisha. Katika sheria hii naelekea upande wao, kwani ni rahisi zaidi kuamini kwamba mhariri aliukata ubishi na kubakiza kauli iliyoshinda kuliko kwamba mfafanuzi aliubuni ubishi pasipokuwa nao.

Talmudi ya Babeli inayanukuu mabishano hayohayo karibu neno kwa neno, lakini kama baraita, yaani fundisho lililobaki nje ya Mishna, bila kutaja Tosefta. Mafundisho haya yalikaririwa kwa moyo na kupokezanwa kwa mdomo, hivyo kufanana huko hakuthibitishi kwamba wanazuoni wa Babeli walikuwa na Tosefta hii tuliyo nayo. Hata hati zake zenyewe hazilingani: ya Vienna inakaribia kukamilika, ya Erfurt, iliyoko Berlin, inakomea ndani ya sehemu ya tano, na penye sheria ileile maneno yao mara nyingi hutofautiana.